Majibu ya damu ya wiki ya 12: "1 kati ya 84" maana yake nini hasa?

Binti wa Pangani aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, ninaishi Uingereza kwa mwaka wa sita sasa, nina umri wa miaka 38 na hii ni mimba yangu ya tatu. Ya kwanza ilinipa binti ambaye leo ana miaka 11, na ya pili iliharibika mwaka jana ikiwa na wiki tisa. Wiki iliyopita nilifanyiwa ultrasaundi ya wiki ya 12, na siku hiyohiyo nikatolewa damu kwa ajili ya kile wanachokiita kipimo cha pamoja, yaani umri wa mama, upana wa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto na viwango vya vitu viwili katika damu ya mama, vyote vikiingizwa katika hesabu moja. Nilikubali bila kufikiri sana, kama mtu anavyokubali kupimwa wingi wa damu au sukari.

Siku ya tatu mkunga alinipigia simu. Alisema kwa upole kwamba uwezekano wa mtoto wangu kuwa na sindromu ya Down, hali inayotokana na kuzidi kwa kromosomu moja (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), ni 1 kati ya 84, kwamba kwa utaratibu wao majibu yoyote kuanzia 1 kati ya 2 hadi 1 kati ya 150 huhesabiwa kuwa ya uwezekano mkubwa, na kwamba kwa hali nyingine mbili walizozipima, sindromu ya Edwards na ya Patau, uwezekano wangu ni mdogo. Akaniambia kwamba nina njia tatu: kutofanya lolote zaidi, kufanya kipimo kingine cha damu kiitwacho NIPT, au kwenda moja kwa moja kwenye kipimo cha sindano ya tumboni. Nimepangiwa kuonana naye Jumanne ijayo, nami nitakuwa nimetimiza wiki 13 na siku mbili.

Nilipomweleza mume wangu nilitumia maneno "hatari ni kubwa", naye hakulala usiku ule. Mama mkwe, aliyeko Tanga, amekwisha kutoa hukumu: katika ukoo wao hakuna mtoto wa namna hiyo, kwa hiyo mashine za huku zimekosea. Mimi sijui nishike lipi. Je, majibu haya yana maana kwamba mtoto ameonekana na kasoro? NIPT ina uhakika kiasi gani? Na kama mimi na mume wangu hatuna nia ya kuitoa mimba, tunapima ili iweje?

Mkunga Mstaafu alijibu:

Mdogo wangu, pole kwa usiku huo, na hongera kwa ujauzito. Ninaanza na hongera kwa makusudi, kwa sababu naona tangu simu ile ipigwe hakuna aliyekumbuka kukupa.

Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka 34, minane ya kwanza Mombasa na iliyobaki huku Uingereza, na katika miaka ya mwisho nilikuwa ndiye ninayepiga simu za namna uliyopigiwa. Niruhusu kwanza nisahihishe neno ulilompelekea mumeo. Sisi wakunga wa huku tulifundishwa kuliacha neno la hatari na kusema uwezekano, na kwa Kiswahili tofauti hiyo ni kubwa kuliko hata kwa Kiingereza, maana hatari kwetu ni neno la nyoka, moto na bahari iliyochafuka, na mtu akilisikia hukimbia kabla hajauliza kuna nini. Mwambie mumeo hivi: wakikusanywa wanawake 84 wenye majibu kama yako, 83 kati yao watazaa watoto wasio na sindromu ya Down, na mmoja atazaa mtoto aliye nayo. Hakuna aliyemwona mtoto wako akiwa na kasoro, na wala kipimo hicho hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Unapochagua mchele kwenye sinia, mkono wa kwanza husogeza pembeni kila punje yenye rangi ya kutiliwa shaka, na nyingi kati ya hizo ukiziinua na kuziangalia vizuri ni mchele mtupu. Kipimo cha pamoja ni mkono huo wa kwanza. Kimewekwa kiwe chepesi wa kushuku ili kisiwapitishe wengi wanaohitaji kuangaliwa, na matokeo yake ni kwamba kila siku kinawatia hofu wanawake ambao watoto wao ni wazima. Hata hivyo kinawakosa baadhi, kwa hiyo anayepewa majibu ya uwezekano mdogo naye hajapewa hati ya uhakika.

Umri wako peke yake ulikuwa umekwisha kukusogeza kabla hujatoa hata tone la damu. Kwa mama wa miaka 20 uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down ni takriban 1 kati ya 1,500. Kwa wa miaka 35 ni takriban 1 kati ya 350. Kwa wa miaka 40 ni takriban 1 kati ya 100. Wewe uko katikati ya hao wawili wa mwisho, kwa hiyo damu yako na shingo ya mtoto vimekusogeza kidogo tu kutoka pale ambapo miaka yako ilikuwa imekuweka. Jumanne uliza jambo moja ambalo wengi hawaulizi: vipimo vya shingo vilikuwa milimita ngapi? Vikiwa 3.5 au zaidi, hilo ni jambo la kushughulikiwa kivyake hata kama kromosomu ni sawa, kwa sababu maji mengi shingoni wakati mwingine huambatana na matatizo ya moyo, na utahitaji kuonwa na mabingwa. Vikiwa vidogo, ujue kwamba kilichoinua hesabu yako zaidi ni umri na damu.

Sasa njia tatu ulizotajiwa, na hapa kalenda ina uzito wake. Ukichagua kipimo cha uthibitisho mara moja, kwa wiki zako ni kile cha kuchukua kipande kidogo cha kondo la nyuma, ambacho kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 11 na ya 14. Ukichagua NIPT, majibu huchukua hadi wiki mbili hivi, nawe utakuwa umevuka wiki ya 15, kwa hiyo ukihitaji uthibitisho baada ya hapo utafanyiwa kile cha kuvuta maji ya uzazi kwa sindano. Vyote viwili hutazama kromosomu zenyewe na hutoa jibu la ndiyo au hapana, lakini vyote viwili vinaweza kusababisha mimba kuharibika. Takwimu wanayopewa akina mama huku ni chini ya 1 kati ya 200. NIPT haina athari hiyo kwa sababu ni damu ya mkononi tu. Kwa mwanamke aliyepoteza mimba mwaka jana, ninaelewa kwa nini wengi huanzia hapo.

Umeuliza mnapima ili iweje ikiwa hamtaitoa mimba. Swali hilo nilitamani niulizwe na kila mama kabla ya damu ya kwanza kutolewa, si baada yake. Takriban nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na tatizo la moyo, na wako wenye utumbo ulioziba ambao huhitaji upasuaji katika siku za mwanzo kabisa. Mama anayejua mapema hupangiwa ultrasaundi ya moyo wa mtoto, huchaguliwa hospitali ya kujifungulia yenye madaktari wa watoto wachanga, na hupata miezi ya kulia akiwa nyumbani kwake badala ya kulia wodini akiwa na mshono na mtoto asiyeshika ziwa. Lakini pia nimewahudumia akina mama walioniambia kwamba wakijua, furaha ya mimba itakufa, na kwamba wangependa kumpokea mtoto jinsi atakavyokuja. Hilo nalo ni jibu kamili, linaandikwa katika faili, na mkunga yeyote anayekurudia kila wiki kukuuliza kama umebadili mawazo unayo haki ya kumwambia aache.

Fundi wa Maabara alijibu:

Dada, mkunga amekwisha kusema yaliyo makubwa. Mimi si daktari, kazi yangu ni mashine na hesabu zake, kwa hiyo nitajibu swali la uhakika na lile la ukoo wa mama mkwe.

Vitu viwili vilivyopimwa katika damu yako ni protini iitwayo PAPP-A na homoni ya ujauzito hCG, na vyote hutengenezwa na kondo la nyuma. Mtoto akiwa na kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, PAPP-A huelekea kuwa chini na hCG kuwa juu. Neno la kushika hapo ni huelekea, kwa sababu wanawake wengi sana wenye watoto wazima nao wana PAPP-A ya chini, na wengine wenye watoto wenye sindromu ya Down wana viwango vya kawaida kabisa. Mashine haisomi kiwango peke yake. Hukilinganisha na kiwango cha katikati cha wanawake wenye umri wa mimba uleule, kisha hurekebisha kwa uzito wa mama, asili yake, uvutaji sigara na kama mimba ilipatikana kwa njia ya kupandikizwa. Marekebisho hayo si urembo. Wanawake wenye asili ya Afrika kwa wastani wana PAPP-A iliyo juu kuliko wanawake wa Kizungu, na mama mwenye mwili mkubwa ana damu nyingi inayopunguza makali ya vitu hivyo. Fomu ikijazwa vibaya, hesabu inapotoka, na maabara haina njia ya kujua. Nimeona mara nyingi uzito ulioandikwa kwa kukisia. Uliza walichokiandika kuhusu wewe. Ni haki yako na ni dakika mbili tu.

NIPT hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake, wakiwa Oxford, walionyesha kwamba katika maji ya damu ya mama mjamzito kuna vipande vya DNA, yaani kemikali ya urithi inayounda kromosomu, vinavyotoka kwa mtoto. Waliviona kwa kutafuta kromosomu Y, ile ya kiume, ndani ya damu ya akina mama waliobeba watoto wa kiume, kitu ambacho damu ya mwanamke haiwezi kukizalisha yenyewe. Mnamo 2011 kipimo cha kibiashara kikaanza kutolewa. Maabara huhesabu mamilioni ya vipande hivyo, vya mama na vya mtoto vikiwa vimechanganyika, na kuangalia kama vile vya kromosomu ya 21 vimezidi kidogo kuliko inavyotarajiwa. Sehemu ya mtoto kwa wastani ni kama 10% ya vipande vyote. Ikishuka chini ya 4% hivi, kipimo kinaweza kushindwa kutoa jibu, na hilo hutokea zaidi kwa akina mama wenye uzito mkubwa au walioharakisha kupima kabla ya wiki ya 10. Umetaja mimba iliyoharibika mwaka jana, nami ninahisi swali linakujia: hapana, DNA yake haimo tena. Vipande hivi hutoweka katika damu ndani ya siku moja au mbili baada ya mimba kwisha.

Uhakika sasa. Utasikia kwamba NIPT ina usahihi wa 99%, na sentensi hiyo imewapotosha watu wengi kuliko ilivyowasaidia. Tuseme kinawabaini 99 kati ya kila watoto 100 wenye sindromu ya Down, na kwamba kinamshuku kimakosa mtoto mmoja kati ya kila 1,000 wasio nayo. Chukua wanawake 8,400 wenye majibu kama yako. Kwa hesabu ya 1 kati ya 84, watoto 100 miongoni mwao wana sindromu ya Down, na kipimo kitawabaini 99. Waliobaki ni 8,300, na miongoni mwao kipimo kitawashuku kimakosa 8 hivi. Kwa hiyo wakisimama wote waliopewa jibu la kushukiwa, wako 107, na 99 kati yao ni kweli. Na wale waliopewa jibu la uwezekano mdogo wako karibu 8,300, ambao ndani yao amejificha mtoto mmoja tu.

Sasa chukua wasichana wa miaka 25, ambao uwezekano wao ni kama 1 kati ya 1,250. Kati ya 12,500 wana watoto 10 wenye hali hiyo, na kipimo kitawabaini wote au karibu wote. Lakini kitawashuku kimakosa wengine 12. Kipimo ni kilekile, mashine ni ileile, ila jibu la kushukiwa kwa binti huyo ni kama kurusha sarafu, na kwako lina uzito mkubwa. Ndiyo maana hakuna anayepaswa kufanya uamuzi usiorudi nyuma kwa jibu la NIPT pekee. Kuna na sababu nyingine: DNA inayoitwa ya mtoto kwa kweli hutoka kwenye kondo la nyuma, na mara chache kondo huwa na seli zenye kromosomu iliyozidi huku mtoto mwenyewe hana.

Kuhusu ukoo, mpelekee mama mkwe salamu na umweleze kwa heshima kwamba katika takriban 95% ya watoto wenye sindromu ya Down, kromosomu ya ziada ilibaki kwa bahati wakati yai au mbegu ilipokuwa inagawanyika. Haikurithiwa, haikuletwa na mke wala mume, na kutokuwapo kwa mtoto wa namna hiyo katika ukoo hakuzuii wala hakuahidi chochote. Iko sehemu ndogo, asilimia tatu au nne, ambapo kipande cha kromosomu ya 21 kimejishikiza kwenye kromosomu nyingine, na hapo ndipo wazazi hupimwa ili kujua kama mmoja wao anakibeba.

Mama Kitinda Mimba alijibu:

Mimi sina elimu ya maabara, nina mtoto. Kitinda mimba wangu ana miaka tisa na ana sindromu ya Down. Nami nilikuwa na miaka 39, nami nilipigiwa simu, ila namba yangu ilikuwa 1 kati ya 12.

Nilifanya kipimo cha damu ya DNA kwa kulipa mwenyewe, kwa sababu wakati ule England haikuwa bado imekiingiza katika huduma ya umma. Ilikiingiza Juni 2021. Jibu lilikuja la kushukiwa. Sindano niliikataa, kwa sababu kwangu jibu la kushukiwa lilitosha kujiandaa. Ultrasaundi ya moyo ikaonyesha tundu kubwa katikati ya vyumba vyote vinne, nikahamishiwa kujifungulia katika hospitali yenye kitengo cha moyo cha watoto, na akiwa na miezi mitano akafanyiwa upasuaji. Leo anakimbia kuliko pumzi zangu. Kusoma kunakwenda polepole, na kutamka kwake wageni hawakuelewi mara ya kwanza, lakini nyimbo za harusi za kwetu anazijua zote na hakosei mpangilio wake.

Nitakuambia lililoniuma, ili likikukuta lisikushtue. Hospitali niliyoanzia, ambayo sitaitaja, niliwaambia mara ya kwanza kwamba mimba hii naendelea nayo. Waliandika. Hata hivyo katika miadi minne iliyofuata niliulizwa tena, kila mara na mtu mwingine, kila mara kwa uso wa huruma, na mara moja nilitajiwa tarehe ambayo wangeweza kunipa kitanda ingawa sikuwa nimeomba tarehe yoyote. Hakuna aliyenitukana. Lakini kwa kila swali nilihisi kwamba jibu langu linachukuliwa kama la mtu ambaye hajaelewa. Mara ya tano nilikwenda na dada yangu, akaomba iandikwe juu ya faili kwa herufi kubwa kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa. Likakoma.

Iko taasisi ya hisani hapa Uingereza iitwayo Antenatal Results and Choices, ambayo kazi yake ni kuzungumza na wazazi waliopewa majibu ya aina hii, bila kuwasukuma upande wowote. Niliwapigia nikalia saa nzima na hawakunikatisha. Na omba mkalimani wa Kiswahili kwa siku hiyo hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Changu ni kizuri, lakini siku ile hakikunisaidia.

Binti wa Pangani aliongeza:

Nawashukuru sana, na dada Mama Kitinda Mimba, nimesoma maneno yako mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti nikimsomea mume wangu. Hesabu za wanawake 8,400 amezichora kwenye karatasi na ameibandika karatasi hiyo jikoni. Angalau jana usiku alilala.

Nimebaki na maswali mawili. La kwanza: mdogo wangu alizaa mtoto mwenye mgongo wazi akiwa Handeni. Je, NIPT itaniambia kama mtoto wangu ana tatizo hilo? La pili: miezi mitano iliyopita, kabla sijashika mimba, niliongezewa damu chupa mbili kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi uliokuwa unanitoa damu nyingi. Nimesoma mahali kwamba aliyeongezewa damu hapimwi.

Muuguzi wa Kanda ya Ziwa alijibu:

Nijibu la mgongo wazi kwa kuwa ndilo ninaloliona kazini. Hapana, NIPT haitakuambia. Mgongo wazi si tatizo la idadi ya kromosomu. Ni mfereji wa uti wa mgongo ulioshindwa kufunga, na kufunga huko hukamilika takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambao wanawake wengi hawajui hata kama wameshika mimba. Kipimo cha damu kinachouhusu ni kingine, protini iitwayo AFP, ambayo huvuja kutoka kwenye uwazi huo na kupanda katika damu ya mama. David Brock na Roger Sutcliffe waligundua uhusiano huo Edinburgh mwaka 1972, kwanza katika maji ya uzazi. Huko uliko wataangalia mgongo wa mtoto kwa ultrasaundi ya kina kati ya wiki ya 18 na ya 20, na kwa macho yaliyozoea, uti wa mgongo na umbo la kichwa huonekana vizuri. Usiikose miadi hiyo, na waambie kuhusu mtoto wa mdogo wako.

Kwa kuwa umetaja Handeni, niseme na la mdogo wako, maana yeye ndiye ninayemfikiria zaidi. Mwanamke aliyekwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi hapaswi kutegemea vidonge vya kawaida vya kliniki katika mimba inayofuata. Anahitaji asidi ya foliki ya dozi kubwa, na aianze kabla ya kushika mimba, kwa maelekezo ya daktari. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba miligramu 4 kwa siku ziliwapunguzia wanawake wa aina yake uwezekano wa tatizo kujirudia kwa takriban 70%. Wengine hupewa mikrogramu 400, na hiyo ndiyo dozi ya kila mwanamke anayetarajia kushika mimba. Shida yetu ni kwamba mama huja kliniki mwezi wa nne au wa tano, tunampa vidonge kwa moyo mkunjufu, na kwa upande wa mgongo tumechelewa miezi mitatu. Unga wa pakiti kutoka viwandani huongezwa virutubisho, foliki ikiwemo, lakini huku kwetu wengi hula unga wa mahindi yao wenyewe, uliosagwa kwenye mashine ya mtaani, ambao haujaongezwa kitu.

Akihitaji wenzake wa kuzungumza nao, ASBAHT ni chama cha wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi Tanzania.

Mkazi wa Oakland alijibu:

Naongeza kidogo kutoka California, ili usidhani kwamba dunia nzima inafuata ngazi za Uingereza. Hapa jimbo lenyewe huendesha mpango wa uchunguzi huu tangu 1986, na ulianza na hiyo AFP ya mgongo wazi. Tangu Septemba 2022 mama hupimwa DNA ya damu moja kwa moja, bila kupitia kipimo cha pamoja, halafu AFP hupimwa peke yake baada ya wiki ya 15. Ndiyo kusema hapa usingepata ile 1 kati ya 84. Ungepata jibu moja la DNA, na maelezo ya Fundi kuhusu wasichana wa miaka 25 yangekuwa muhimu zaidi, kwa sababu wote wanaingia katika mashine hiyo, wenye uwezekano mkubwa na wenye mdogo.

Mkunga Mstaafu alijibu:

Nilisubiri hili la damu lijibiwe, naona limeachwa kwangu. Kanuni ya huku ni miezi minne: aliyeongezewa damu ndani ya miezi minne kabla ya kutolewa damu ya NIPT hapimwi, kwa kuwa DNA ya mtoaji inaweza kuchanganyika katika hesabu. Yako ina miezi mitano, umevuka, lakini taja tarehe kamili na iandikwe. Uvimbe wa kizazi nao utaje, hata kama hakuna atakayeuliza, kwa sababu mara chache vinyama hivyo hutoa DNA isiyo ya kawaida ambayo huvuruga jibu. Watakuuliza pia kama umewahi kupata saratani, kama umepandikizwa kiungo au uboho, na kama ultrasaundi ya mwanzo ilionyesha pacha wa pili aliyepotea. Kama ulifanyiwa ultrasaundi mahali pengine kabla ya hii ya wiki ya 12, beba karatasi yake.

Jambo la mwisho kuhusu Jumanne. NIPT ya huduma ya umma haitoi jinsia ya mtoto, kwa hiyo mumeo asije akaniambia sikumwonya. Na ukifika ukakuta hujaamua, sema hujaamua. NIPT inakubalika hadi wiki ya 21 na siku sita, hivyo muda wa kufikiri unao. Kisichosubiri ni kile cha kondo la nyuma peke yake, na kwa ulivyoeleza sidhani kama ndicho unachokitaka.

Binti wa Pangani aliongeza:

Tarehe ya kuongezewa damu nimeipata katika karatasi za zamani, nimeiandika nyuma ya barua ya miadi. Milimita za shingo, uzito waliouandika na asili waliyoiandika nimevipanga kama maswali matatu ya mwanzo. Mkalimani nimeomba leo asubuhi kwa simu, wakaniuliza mara mbili kama ni Kiswahili cha Kenya au cha Tanzania, nikawaambia yeyote atakayekuja tutaelewana.